Kikao cha Desemba: Kuufunga Mwaka Uliojaa Mambo

Mwaka mwingine hupita na familia ikabaki vilevile. Watoto wamepanda darasa, paa limezibwa, kuku wameongezeka, basi. Mwaka mwingine huja na kila kitu kwa pamoja: bibi anafariki Machi, binti mkubwa anaolewa Julai, baba anastaafu Septemba, kitinda mimba anafanya mtihani wa darasa la saba mwezi huohuo, na kabla Novemba haijaisha mnahama nyumba ya kupanga Mbagala kwenda kwenye nyumba yenu wenyewe Chanika, ambayo bado haijapigwa plasta. Hapo katikati kazaliwa mjukuu. Familia za namna hii ni nyingi, na huenda ya kwako, msomaji, ni mojawapo.

Desemba ikifika, familia kama hiyo hukutana, ikasali, ikala, ikapiga picha, na kila mmoja akasema tunamshukuru Mungu tumevuka. Kisha watu hutawanyika. Ifikapo Machi ndipo inajulikana kwamba cheti cha kifo cha bibi hakikuchukuliwa, kwamba mwenye ukumbi wa harusi bado anadai, na kwamba mjomba hajapokea simu ya dada yake tangu siku ya mazishi. Kalenda imebadilika, lakini mambo ya mwaka jana yangali mezani. Shukrani ni jambo jema na sina ugomvi nayo. Ninachosema ni kwamba mwaka mzito unahitaji kukaliwa kikao, kwa daftari na kalamu, na kila jambo lililotokea liulizwe swali moja: nini hakijamalizika?

Wachaga wana bahati katika hili kwa sababu desturi imeshawapangia tarehe. Kila Desemba mabasi ya Kaskazini hujaa, na tangu mwaka 2019 ipo tena treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Watu wa Rombo, Marangu, Kibosho na Machame hukutana kihambani. Wengine huona ndafu na mbege tu, lakini wenyewe wanajua kwamba siku zilezile ndizo za kuzungumzia mpaka wa kihamba, ada ya mtoto wa ndugu aliyefariki na barua ya posa iliyoletwa. Familia ya Kiislamu ya Tanga au Kilwa inaweza kuchagua siku za Idi, au likizo ya shule ya Desemba kama wengine wote. Tarehe si hoja kubwa. Muhimu ni kwamba wahusika wapo na hakuna anayewahi basi.

Saa ndiyo ya kuangalia. Mkikaa kabla ya chakula cha mchana watu wana njaa, mkikaa baada yake wana usingizi, na mkisubiri jioni wapo watakaokuwa wameshakunywa. Kaeni asubuhi baada ya chai, siku moja au mbili baada ya sikukuu yenyewe, watoto wadogo wakiwa wanacheza nje na simu zikiwa zimewekwa kabatini.

Nani aongoze? Katika nyumba nyingi mwenye fedha ndiye hugeuka mwenyekiti bila kuchaguliwa. Mimi napinga. Aliyelipia sehemu kubwa ya msiba na harusi ana masilahi yake katika mazungumzo haya, kwa hiyo akae kama wengine. Mtafuteni mtu anayeweza kumwambia baba mkubwa, "Shikamoo baba, naomba usubiri, mama mdogo hajamaliza," na baba mkubwa akasubiri. Mara nyingi mtu huyo ni shangazi. Mwandishi awe kijana wa sekondari mwenye hati nzuri, na mpeni kaunta buku. Msitegemee simu peke yake: simu huibiwa, huanguka majini, na kundi la WhatsApp la familia huzama chini ya salamu za asubuhi njema na video za kuchekesha.

Anzeni kwa kuutaja mwaka mwezi kwa mwezi. Januari kulitokea nini? Februari je? Msianze na mafanikio, anzeni na matukio, na acheni watu wabishane kuhusu tarehe. Bibi alilazwa kabla ya Kwaresima au baada yake? Gari liliuzwa kabla ya posa au posa ndiyo iliyoliuza? Ubishi huo mdogo una faida, kwa sababu ndani yake hutoka mambo ambayo wakubwa hawakuyaona. Kitinda mimba anaweza kusema, bila kulalamika, kwamba mtihani wa majaribio aliufanya wiki ya msiba, na usiku alikuwa analala kwa jirani kwa kuwa chumba chake walipewa wageni kutoka Songea. Kumbe alama zile zilizomfanya achapwe maneno mwezi wa nne zilikuwa na sababu. Mwandishi aandike na hilo.

Sasa tuje kwenye msiba, maana ndio unaoacha mengi nyuma yake.

Kuzika tunajua. Turubai litafungwa, viti vitakodiwa, sufuria kubwa zitatoka msikitini au kanisani, wali utapikwa wa watu mia tatu, na arobaini itasomwa au misa itaombwa. Kinachotushinda ni karatasi. Tanzania Bara, kifo kinatakiwa kusajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ndani ya siku 30. Zanzibar kazi hiyo ni ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Familia nyingi hukitunza kibali cha mazishi zikidhani ndicho cheti cha kifo. Sicho. Kibali kinawaruhusu kuzika, cheti ndicho benki, mfuko wa pensheni na mahakama watakachokidai. Siku 30 zikiwa zimepita, bado mnaweza kusajili, ila mtaongeza safari na maelezo. Na msidhani kwamba kwa kuwa marehemu hakuwa na akaunti ya benki, cheti hakina kazi. Mwanafunzi yatima anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi wake. Mtoto aliyefiwa na baba akiwa chekechea atakuja kukitafuta cheti hicho akiwa na miaka 19, wakati mzee aliyejua mambo yote naye keshatangulia.

Mirathi nayo huanzia kwenye kikao hikihiki. Mkienda Mahakama ya Mwanzo, mtaulizwa muhtasari wa kikao cha familia: nani walihudhuria, nani alipendekezwa kuwa msimamizi, na sahihi za waliokubali. Ninyi mpo wote hapo, mna kalamu, mna mwandishi. Andikeni muhtasari huo asubuhi hiyohiyo kwenye karatasi yake, mbali na kaunta buku, na kila mtu asaini kabla ya kuinuka. Mkiahirisha, mtaanza kutumiana karatasi kwa mabasi, Mwanza hadi Lindi, kutafuta sahihi moja.

Na hapa lazima niseme jambo linalovunja koo nyingi. Msimamizi wa mirathi si mrithi wa vyote. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, kuwagawia warithi haki zao, na kurudisha hesabu mahakamani. Kwa aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, orodha ya mali na hesabu hizo zinatakiwa kurudishwa ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Lakini nendeni mtaani mkaulize: wapo kaka wakubwa walioteuliwa miaka kumi iliyopita na bado wanapokea kodi ya vyumba vya marehemu kama mshahara wao. Ikiwa kwenu msimamizi aliteuliwa mwaka huu, aulizwe kikaoni, mbele ya wote, fomu zimefika wapi. Kumuuliza si kumtuhumu. Msimamizi mwaminifu hufurahi kuulizwa, maana swali hilo linamlinda na maneno ya pembeni.

Kisha orodhesheni vile vitu vidogo ambavyo hakimu hataviulizia lakini ndugu watavikumbuka: hisa za bibi kwenye kikoba chake, mbuzi aliyempa jirani amfugie, cherehani iliyoko kwa fundi, vitenge vya sandukuni, na laini yake ya simu. Fedha zilizobaki kwenye simu ya marehemu ni sehemu ya mali yake. Mjukuu anayejua namba ya siri hajarithi kwa kuijua.

Lipo na daftari la rambirambi. Kila msiba una daftari lake, limeandikwa haraka na kijana aliyekaa kwenye meza karibu na mlango: jina, kiasi, pengine na mtaa. Wengi hulitupa baada ya matanga. Litoeni siku ya kikao, mlisome kwa sauti, na mwongeze ambavyo kijana yule hakuviandika kwa kuwa havikuwa fedha. Jirani aliyeleta kuni. Mama wa nyumba ya tatu aliyekesha jikoni siku zote akikaanga vitunguu na hakuwahi hata kuketi na wafiwa. Dereva wa bodaboda aliyekataa nauli. Watu hawa nao watafiwa, wataoza binti zao, wataugua. Familia yenye orodha itajua ni mlango gani wa kukimbilia, na haitasubiri kukumbushwa.

Upande wa harusi, shida huwa nyingine. Msiba watu huchangia kwa mkono, harusi watu huahidi. Kamati ilikaa, kadi zikagawiwa, ahadi zikaandikwa, na mweka hazina akapanga bajeti kwa kuhesabu ahadi kana kwamba ni fedha taslimu. Zile ambazo hazikutimia ziligeuka deni, na deni hilo kwa kawaida analibeba mtu mmoja kimyakimya: mama mzazi, aliyekopa kwenye kikundi chake ili mpishi asiondoe vyombo. Kikao kiulize waziwazi nani bado anadai na nani anamlipa. Kama ni mama, basi deni lile lilikuwa la familia nzima na ligawanywe. Mkilinyamazia, binti aliyeolewa atakuja kulisikia kwa watu, na furaha yake itaingia doa.

Kwa maharusi wenyewe nina machache. Iwe ndoa ya kidini, ya kimila au ya serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua zote, na zote zinatakiwa kuandikishwa. Hakikisheni cheti kipo na kinakaa mahali ambapo mume na mke wote wanapajua. Kisha kila mmoja aende kazini kwake na kwenye mfuko wake wa pensheni, akabadilishe majina ya wategemezi. Wapo wanaume waliofariki wakiwa na miaka kadhaa ya ndoa huku fomu zao zikiwa bado na jina la kaka aliyekuwa akiishi nao enzi za ukapera.

Mjukuu aliyezaliwa ameshafanyiwa akika au amebatizwa, amepigwa picha nyingi kuliko babu yake alizopigwa maisha yake yote, lakini ana cheti cha kuzaliwa? Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Siku hizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano kazi imerahisishwa katika mikoa ya Bara, kwa mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ambapo usajili hufanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mkichelewa zaidi ya miaka kumi, utaratibu huwa mgumu na vielelezo huongezeka. Na angalieni sana namna jina linavyoandikwa. Kuna mtu ambaye cheti cha kuzaliwa kinamwita Selemani, cha darasa la saba kinamwita Suleiman, na kitambulisho cha taifa kinamwita Sulemani, kisha anapoomba kazi analazimika kupita kwa wakili kuapa kwamba hao watatu ni yeye mmoja. Babu anataka herufi hii, mama anataka ile. Malizeni ubishi huo nyumbani kabla karani hajaandika.

Mkiwa kwenye majina, pitieni na ya wakubwa. Nani ametimiza miaka 18 mwaka huu na hajajiandikisha NIDA? Nani ana kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na cheti? Mwandishi aandike jina na kosa. Mambo haya huonekana madogo mpaka siku ya kuomba pasipoti.

Kustaafu kwa baba ni badiliko ambalo familia huliongelea kifedha tu. Umri wa lazima ni miaka 60, wa hiari ni 55, kwa hiyo siku yenyewe haikumjia kwa ghafla. Hata hivyo mkupuo wake umeshapangiwa matumizi na watu wanne tofauti kabla haujaingia benki: mmoja anataka plasta, mwingine anataka bajaji, wa tatu ana mradi wa kuku, na wa nne ni ndugu wa mbali aliyetokea ghafla na habari za kiwanja. Kikao kimpe baba nafasi ya kusema mwenyewe, mara moja, mbele ya wote, fedha ile ni ya nini na si ya nini. Akishasema, iandikwe na isifunguliwe tena. Hiyo itamwokoa na maombi ya chemba. Wastaafu wengi hawaliwi na matapeli wa mjini, wanaliwa na maombi ya huruma ya watu wanaowaita baba.

Lakini kuna upande ambao hauandikwi kwenye fomu. Mtu aliyetoka nyumbani saa 11 alfajiri kwa miaka 30 na zaidi sasa yupo hapo, asubuhi mpaka jioni. Anauliza kwa nini gesi imeisha mapema. Anapanga upya viatu vya mlangoni. Mama, aliyeiendesha nyumba ile peke yake miaka yote, anajiona ameletewa msimamizi wa kazi. Niliwahi kusikia mama mmoja wa Temeke akisema anatamani mumewe astaafu kustaafu. Watu walicheka, naye hakuwa akicheka. Liongeleeni bila aibu. Baba apewe kazi zenye jina: kufuatilia hati ya kiwanja, kwenda RITA, kusimamia fundi wa plasta, kumpeleka mjukuu kliniki. Orodha ya mambo ambayo hayajamalizika mliyoandika asubuhi hiyo ni ndefu, na yeye ndiye pekee mwenye muda.

Mtoto wa darasa la saba matokeo yake yameshatoka kufikia Desemba, na ndugu wote wanayajua. Nawaomba jambo moja: alama zake zisisomwe kikaoni mbele ya binamu zake, ziwe nzuri au mbaya. Kinachotakiwa kuzungumzwa ni Januari: shule aliyopangiwa ni ya kutwa au ya bweni, iko umbali gani na nyumba mpya, nani atanunua sare na godoro, na uhamisho utaombwa au hautaombwa. Kama kuna aliyefanya kidato cha nne Novemba, kumbukeni kwamba matokeo yake yanatoka Januari, baada ya ninyi kutawanyika. Kwa hiyo jadilini njia mbili tangu sasa, ya akifaulu kwenda kidato cha tano na ya kwenda chuo cha ufundi au cha kati, ili siku ya matokeo kijana asijikute amezungukwa na wazazi wanaobishana.

Kuhama nyumba sitakaa nako sana. Hati ya mauziano iwe na sahihi za mashahidi na iwe na nakala kwa mtu mwingine nje ya nyumba hiyo. Mita ya umeme na akaunti ya maji vijulikane viko kwa jina la nani. Na mtu aende kujitambulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mjumbe, maana siku mtakapohitaji barua ya utambulisho hamtataka kuanza kwa kujieleza ninyi ni nani.

Yamebaki maneno, yaani yale yaliyosemwa na yale yaliyotakiwa kusemwa yakanyamaziwa. Mwaka wenye msiba na harusi ndani yake haukosi hayo. Mjomba aliambiwa habari za kifo akiwa wa mwisho. Mama mdogo hakuitwa mezani siku ya kukata keki. Mtu alisema jikoni kwamba fulani amekuja kula tu. Makunduchi, kusini mwa Unguja, wana namna yao: kila Julai, kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hutandikana kwa migomba uwanjani, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na kinyongo cha mwaka uliopita kinatakiwa kiishie pale. Sipendekezi mtandikane na mjomba uani kwa mgomba. Ila wenzetu wale wamejua kwamba kinyongo hutengewa siku na mahali, kisiachwe kizurure.

Kosa la familia nyingi ni kuyaleta mambo haya kikaoni yakiwa mabichi. Mjomba akisikia malalamiko yake yakisomwa kwenye orodha pamoja na mita ya umeme, ataondoka. Yanatakiwa kutanguliwa. Siku moja kabla, mtu anayeheshimika pande zote amfuate aliyeudhika, peke yake, amsikilize mpaka mwisho bila kumjibu. Akitoka hapo amfuate na wa pili. Na kisa kitajwe kwa tukio lake. "Mnanidharau" haina jibu. "Sikupigiwa simu mpaka saa nne usiku" ina jibu: walikupigia kwenye ile laini ya zamani. Mengine yakishasemwa hivyo huisha hukohuko chumbani, na kikaoni wanakuja tayari wameshaombana radhi. Yale ya fedha, kwa mfano nani alilipia jeneza na hajarudishiwa, hayo yaje kikaoni na tarakimu zake. Yale yenye kipigo, au yanayogusa usalama wa mtoto au mwanamke, msiyamalize kwa kuombana radhi hata kidogo. Hayo yana dawati la jinsia na watoto polisi na yana ofisi ya ustawi wa jamii, na shangazi mwenyekiti awe wa kwanza kulisema hilo.

Picha. Katika mamia yaliyopo kwenye simu zenu, chagueni chache mkazisafishe studio, kisha nyuma ya kila moja mwandikie kwa kalamu majina ya waliomo kuanzia kushoto, mahali na tarehe. Si za harusi tu. Nyumba ya Mbagala mliyoihama, ipigeni na iandikwe, kwa sababu mjukuu aliyezaliwa humo hataikumbuka.

Na kabla wazee waliobaki hawajachoka, waulizeni yale aliyokuwa akiyajua bibi peke yake. Nani amezikwa wapi. Deni la ng'ombe la mwaka ule lilimalizwaje. Kwa nini upande fulani wa ukoo hautembelewi. Mwaka 1858, huko Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, naye akiwa mgonjwa, alimwandikia binti yake utendi wa wosia, na mpaka leo unasomwa. Sisi wengine hatuna kipaji hicho, lakini kila simu ina kinasa sauti. Mwekeeni babu simu mezani, mwulizeni swali moja, kisha nyamazeni. Atakachosema kiandikwe baadaye kwenye kaunta buku, kwa maneno yake mwenyewe, na lafudhi yake ya nyumbani isisahihishwe.

Mwisho wa kikao, mwandishi asome kila jambo lililobaki, na pembeni yake kuwe na jina la mtu mmoja na mwezi. Jina moja, maana kazi ya wawili haina mwenyewe. Cheti cha kifo: baba, Januari. Deni la ukumbi: kaka mkubwa na shemeji watachanga, atakayepeleka fedha ni kaka, Februari. Uhamisho wa shule: mama, wiki ya kwanza shule zikifunguliwa. Nakala ya ukurasa huo ipigwe picha, kila mmoja awe nayo. Shangazi apewe ruhusa ya kupiga simu mwezi ukifika bila kuambiwa ana kisirani.

Kwa hiyo chagueni tarehe leo. Mpigieni yule anayeishi mbali kuliko wote, awe Mpanda au Muscat, mwambieni kikao ni lini na kwa nini anahitajika, ili aombe likizo na akate tiketi mapema. Nafasi za Desemba huisha haraka.